Mdomo wa Koleo

Koleo alikuwa na meno ambayo hakuyastahili. Meupe, yamepangika, hakuna hata moja lililotoboka, na yote alikuwa ameyageuza vifaa vya kazi. Alikuwa fundi umeme wa magari, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake tu. Akitaka kuuchuna waya gamba, hakushika plaizi. Aliuingiza mdomoni, akauma, akavuta, plastiki ikabaki ulimini na shaba ikatoka inang'aa. Akitaka kujua kama waya mwembamba una moto, yaani umeme, aliugusa kwa ncha ya ulimi. Bomba la petroli likigoma, alilinyonya. Mkewe alikuwa ameshachoka kumsema. Alimtengea kikombe chake peke yake, chenye mpini uliovunjika, na hakuna mwingine nyumba nzima aliyekinywea.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Jua lilikuwa halijawa kali, redio ya banda la pili inaimba, na Koleo amechuchumaa kibandani kwake, waya umening'inia mdomoni kama sharubu la kambare.

"Wewe siku ukifa," fundi bodi wa banda la pili alimwambia, "hatutakuzika. Tutakutundika ukutani pamoja na spana."

"Mradi usinitundike karibu na soksi zako," Koleo alijibu bila kuutoa waya.

Walikuwa bado wanacheka, mdogo wake Koleo wa kike alipoingia. Alikuwa mjane mbichi, hata nyuso za watu zilikuwa hazijazoea kumtazama. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini, na mtoto wake hakuwa naye.

"Mtoto yuko wapi?" Koleo aliuliza.

"Kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Hataki kumtoa." Akakaa juu ya tairi. "Lakini amekubali, kaka. Mbele ya wakwe wote. Amesema mtoto atafuata gari la baba yake. Likitoka uani kwa nguvu zake lenyewe, lisisukumwe wala lisikokotwe, na mtoto atoke. Likikaa, atakaa. Kikao ni leo mchana. Baada ya hapo hakuna maneno tena."

"Ndiyo hilo tu?"

"Na likija kulala njiani, siku yoyote ile, bibi atakuja kuchukua vyote. Gari na mtoto."

Koleo akacheka, akatema kipande cha plastiki. "Huyo bibi hajui una kaka wa namna gani."

Mdogo wake hakucheka. "Anajua," alisema. "Alikutaja wewe. Aliuliza kama bado unatumia meno."

Ua wa mama mkwe ulikuwa umefagiwa mpaka udongo ukabaki na michirizi. Banda la kuku lilikuwepo, kuku hawakuwepo. Gari lilisimama katikati, rangi ya chai ya maziwa iliyolala, gari la zamani la aina ambayo ukifungua boneti unaona kila kitu mpaka ardhini. Marehemu, mtu wa miguu mirefu, alilipenda kuliko alivyojipenda. Alifia humo, kwenye kiti cha dereva, kwa kikohozi, akipapasa ufunguo ajipeleke hospitali mwenyewe.

Mtoto alikuwa barazani, amekaa juu ya begi lake la nguo. Viatu ameshavaa, kila kimoja mguu usio wake. Alivivaa asubuhi mwenyewe, bila kuambiwa, na hakutaka kuvivua.

Mama mkwe alikuwa kivulini, sinia la mchele mapajani, anachambua. Shavuni alikuwa na kitu anachokitafuna polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mdomo wako?"

"Nimekuja nao, mama. Nikiuacha nyumbani utamaliza chakula cha watoto."

Bibi akacheka, kinywa wazi. Jino hakuwa nalo hata moja. Koleo akabaki akijiuliza anatafuna kwa kutumia nini.

Akaingia kazini. Akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Akawasha taa, zikatoa mwanga wa njano, zikafifia kama mtu anayesinzia. Betri, akasema, na moyo ukatulia, maana betri ni ugonjwa mwepesi.

Akafungua boneti. Ule ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri kila fundi anaujua. Ni unga mkavu kama chumvi, ukiumwagia maji moto unachemka unaondoka. Huu haukuwa mkavu. Ulikuwa wa njano, laini, unavutika kama uzi. Ulikuwa kama utongo wa mtoto mgonjwa akiamka. Koleo akaukwangua kwa bisibisi, akaipangusa bisibisi kwenye suruali, akaijutia suruali.

Akafungua vifuniko vya betri aone maji. Akakuta povu. Povu la sabuni, la kijivu, na juu yake utando kama wa maziwa yaliyopoa. Harufu ikampanda puani. Haikuwa ya asidi. Ilikuwa ya chumba alicholala mgonjwa muda mrefu, madirisha yamefungwa.

"Mama, betri hii mliiwekea nini?"

"Maji," mama mkwe alisema, macho kwenye mchele. "Lilikuwa na kiu."

Mdogo wake alikuwa amemletea birika la maji moto. Aliinama kama anayemwaga, akamnong'oneza sikioni.

"Kaka. Lile beseni."

"Beseni gani?"

"La maji aliyooshewa mume wangu siku ya msiba. Waliniambia yamemwagwa. Hayakumwagwa. Nililiona jikoni, limejaa, limefunikwa na sahani."

Koleo akatazama tena suruali yake, pale alipojipangusa. Doa lilikuwa limeingia mpaka kwenye ngozi.

Akaing'oa ile betri akaenda kuiweka nyuma ya choo, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba kinyesi cha mtu. Akafunga yake, nzima, aliyoichaji mwenyewe. Akazungusha ufunguo. Tik.

Betri nzima na stata, ile mota ya kuizungusha injini, haizunguki. Basi ama waya mnene unaoshika bodi umelegea, au ule mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo haufikishi moto. Wa bodi akaufungua, akausugua, akaubana. Tik. Akalala chini ya gari, akaunganisha ncha mbili za stata kwa bisibisi. Injini ikazunguka kwa nguvu! Kumbe stata nzima, ubaya uko kwenye waya wa swichi. Akaufuata kwa vidole kutoka chini ya usukani mpaka akafika mahali ulipovimba, umenenepa kama mshipa wa mguu wa mzee.

Akaukata hapo. Ulibaki kuchunwa tu ili aunganishe.

Mtu mwenye akili hapo angetoa plaizi. Plaizi ilikuwemo kwenye sanduku, inaota kutu. Lakini mdomo ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kujikuna. Hayo ndiyo mazoea, hayaulizi.

Akauma.

Gamba halikukatika kama plastiki. Lilikatika kama ngozi ya kuku aliyechemshwa, likateleza, chumvi ikajaa mdomoni. Ndani hapakuwa na shaba. Palikuwa na nywele. Nywele za mtu, zimesokotwa, zimepakwa mafuta, nyingine bado zina mizizi yake midogo, myeupe kama mayai ya chawa.

Akatema. Akatema tena. Unywele mmoja ulikuwa umejifunga kwenye jino la nyuma, akauvuta kwa kucha, ukawa unakuja tu, haukatiki. Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa ameacha mchele. Alikuwa anamtazama. Koleo akafunga mdomo ameze mate. Bibi akafunga wake. Koleo akafungua avute hewa. Bibi akafungua.

"Utamu wa kazi," mama mkwe alisema, "ni kuionja."

Koleo akauchomoa waya wote, mwanzo mpaka mwisho, akaweka mpya. Safari hii alitumia plaizi. Stata ikaitika kwa ufunguo, injini ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

Wakwe walianza kuingia getini, wazee kwa akina mama, nguo za kikao, kila mmoja na kiti chake. Baba mdogo wa marehemu, mtu wa tumbo na maneno, akasimama karibu na boneti.

"Fundi, bado? Au tulete ng'ombe walikokote?"

"Kukokota hapana," mama mkwe alisema taratibu.

Koleo akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akamwambia mdogo wake azungushe ufunguo. Cheche hakuna. Akafungua kile kifuniko cheusi kinachogawa moto kwenye plagi zote. Humo panatakiwa pawe pakavu kabisa. Palikuwa na mate. Kuta zake za ndani zilikuwa laini, nyekundu hafifu, kama ndani ya shavu. Na pale katikati panapokaa kijiti cha kaboni, paliwekwa ukucha wa kidole gumba. Umekatwa vizuri. Chini yake bado kuna uchafu.

Aligeuka akatapika pembeni ya tairi, chai yote ya asubuhi, na baba mdogo akasogeza viatu vyake.

"Mdogo wangu," Koleo alinong'ona akipangusa kidevu, "tuondoke. Hili si gari."

"Na mtoto?"

Akatazama barazani. Mtoto alikuwa amesimama sasa, begi mkononi. Nyuma yake mama mmoja wa pale nyumbani alishapanga godoro dogo chumbani kwa bibi, mlango wazi, kitanda kwa kitanda. Koleo akarudi kwenye gari. Akaung'oa ukucha kwa bisibisi, akakausha kifuniko kwa shati lake, akaweka kaboni mpya. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Karibu alie.

Injini ikazunguka. Haikuwaka. Kabureta kavu, petroli haiifikii.

Petroli ilikuwemo. Alilitikisa gari akaisikia ikicheza tangini. Lakini gari lililolala muda mrefu huingiza hewa kwenye bomba, na hewa haitoki mpaka mtu avute. Mafundi wengine wana kimpira cha kuvutia. Koleo hakuwahi kuwa nacho, wala hakuwahi kuona sababu.

Viti vyote vilikuwa vimegeukia kwake.

"Kaka, acha," mdogo wake alisema.

"Mtoto kakosea viatu," Koleo alijibu. "Nenda kamvalishe vizuri. Mnasafiri."

Akapiga magoti. Akafungua bomba. Akaliweka mdomoni.

Kwanza ilikuja hewa. Halafu harufu ya petroli, na kwa mara ya kwanza maishani akaishukuru. Halafu pakaziba. Akavuta zaidi, mashavu yakaingia ndani. Bomba likavimba mkononi mwake. Aliyewahi kunyonya petroli anajua kwamba inachoma lakini ni ya baridi. Hii ilikuwa ya moto. Moto wa mdomo wa mtu. Nzito. Ilikuwa kohozi, kohozi la siku nyingi, na ndani yake kitu laini, kinene kama kidole. Alitaka kutema. Kile kitu hakikumsubiri. Kilijivuta chenyewe juu ya ulimi. Kikapita. Kikashuka.

Gari likakohoa.

Likakohoa tena, kifua kizima, kisha injini ikashika ikanguruma sawasawa. Mdogo wake alikuwa barazani na kiatu cha mtoto mkononi. Hakuna aliyekuwa amegusa ufunguo.

"Baba anakohoa," mtoto alisema.

Wakwe wakatazama chini. Baba mdogo akapata shughuli na kifungo cha shati lake. Mjane akampakia mwanawe, akafunga mlango, akatoka nalo getini bila kugeuka nyuma.

Mama mkwe hakukasirika. Alimwendea Koleo pale chini, akashika ncha ya kanga yake, akampangusa mdomo taratibu kama anavyopanguswa mtoto aliyemaliza kunyonya.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Usipige mswaki leo."

Mdogo wake Koleo alipanga chumba upande wa pili wa mji. Mtoto akaanza shule. Lile gari likawa la kuonewa wivu, kila asubuhi linawaka kwa kuguswa tu, hata siku za mvua.

Na kila asubuhi, Koleo akiwa na kikombe chake cha mpini uliovunjika, mdomo ulijaa ladha ya petroli na taya likaanza kutetemeka. Lilitetemeka muda ule ule wa kwenda shule, likatulia. Fizi ya nyuma ikavimba, ikawa ya buluu. Akitema, mate yalikuwa na mafuta juu, rangi rangi, kama dimbwi la gereji. Pumzi yake ikabadilika, ikawa ile ya chumba cha mgonjwa. Mkewe akahamia chumba cha watoto, kitambaa puani. Fundi bodi akaacha utani. Wateja walimweleza ubovu wa magari yao wakiwa wamesimama ng'ambo ya barabara, na Koleo mwenyewe akapoteza hamu ya kula, maana kila alichotafuna alikihisi kinapokelewa huko chini na kitu kinachochagua.

Mwisho akaenda kwa daktari wa meno asubuhi na mapema. Alikuwa mama mmoja mfupi asiye na subira. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, baada ya kumwambia afungue mdomo.

Jino la nyuma lilitoka kama limewekwa tu. Akaliangusha kwenye trei. Kisha akainama, akavuta taa karibu.

"Baba, umemeza nini wewe?"

Ndani ya shimo la jino kulikuwa na kitu kinang'aa. Akakishika kwa kibano. Shaba. Akavuta. Ikaja. Waya mwembamba, safi, wa moto, ukawa unakuja na kuja, daktari anauzungusha kwenye kidole chake, na Koleo aliuhisi ukitoka si kwenye fizi, bali chini ya kitovu. Ulivyozidi kutoka ndivyo alivyozidi kupata nafuu. Hewa ikawa na ladha ya hewa. Machozi yakamtoka ya raha.

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Koleo. Muuguzi aliyekuwa akimsaidia daktari akaitoa, akamwekea sikioni.

"Kaka." Mdogo wake alikuwa ananong'ona. "Gari limezima. Katikati ya barabara, karibu na shule. Haliitiki hata tik."

Koleo hakuweza kujibu, kibano kilikuwa mdomoni.

"Kaka, mama mkwe yuko hapa. Sijui ametokea wapi. Anakuja kwa miguu, katikati ya magari. Milango haifungiki. Kaka, ameshika mlango wa nyuma."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa anaanza kulia.

Koleo akamkamata daktari mkono.

"Rudisha," alisema.

"Nirudishe nini?"

"Ndani. Rudisha."

Daktari akarudi nyuma mpaka kabatini. Basi Koleo akaufungua waya kutoka kwenye kidole cha daktari, akaushika kwa vidole vyake, akaanza kujilisha. Aliusukuma kwenye shimo la jino, udenda na damu vikishuka shingoni, akicheua, akimeza, akicheua. Ulikwenda kwa shida mwanzoni. Halafu kitu kikaupokea kwa ndani. Kikauvuta. Muuguzi, aliyekuwa bado ameshika simu, alisikia vizuri kabisa upande wa pili: kikohozi kimoja, injini, na mwanamke anayelia huku anaendesha.

Koleo yuko hai. Anafanya kazi kidogo kidogo. Mtoto yuko kwa mama yake, amenenepa, anajua kusoma. Mdogo wake humletea kaka yake uji mwepesi, anaukaza moyo, anakaa karibu naye mpaka aumalize, na haulizi.

Lile jino daktari hakulitupa, ingawa hajui kwa nini. Liko kwenye trei ya chuma juu ya kabati. Siku za shule, kabla wagonjwa hawajaja, linatetemeka humo, chuma kinalia kidogo, kisha linatulia. Siku za likizo halitikisiki. Muuguzi alishalizoea, akawa analitumia kama saa.

Jumapili moja lilianza kutetemeka alfajiri na halikunyamaza mpaka jua linazama. Siku hiyo mdogo wake Koleo alikuwa amelala na homa, mtoto ubavuni, ufunguo wa gari chini ya mto. Jumatatu alipotoka nje alikuta gari limeegeshwa pale pale alipoliacha. Boneti ilikuwa ya moto. Na kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma, kumtosha mtu mwenye miguu mirefu.